Bawaba Ziko Upande Gani

"Bawaba ziko upande gani?" niliuliza.

Simu nilikuwa nimeibana kwenye jiliwa la karakana, na watu wanne nisiowajua walinitazama kutoka kwenye vijisanduku vyao vya video.

Nilikuwa kwenye majaribio. Miezi minane nilitafuta mtandaoni kundi la kuigiza hadithi kwa mdomo na dadu, watu wa kukaa nao miaka. Makundi matatu yalinifia mikononi. Watu huingia na moto, wiki ya tatu humwoni mtu. Hili lilikuwa na miaka sita. Wakinikataa, basi tena.

"Fundi, hapa unarusha dadu tu," alicheka mmoja wao, mwenye miwani. "Mlango huu wa chuma kwenye hadithi yetu umetushinda tangu mwaka jana."

"Sirushi kitu kabla sijajua bawaba ziko wapi. Nachomelea milango miaka ishirini na tano."

Dada msimulizi, anayeongoza mchezo, alipekua daftari lake. Akapekua tena.

"Ziko... upande wenu."

"Basi tunagonga pini zitoke. Mlango unang'oka mzima mzima."

Mwenye miwani akashika kichwa akicheka. "Mwaka mzima, jamani!"

Hakuna mwingine aliyecheka. Nikajua nimewaharibia mchezo. Kidole gumba changu, chenye kovu la moto, kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kutoka.

"Subiri, fundi," msimulizi akasema polepole. "Sijaandika kilichopo nyuma ya mlango. Sikutegemea mngefika huko. Nipe mpaka Jumapili. Utakuwepo?"

"Jumapili hiyo tu, au na zinazofuata?" nikauliza.