Toa Mfano

Chausiku alikuwa amesimama saluni akisuka nywele tangu asubuhi, na magoti yalimuuma. Kesho alikuwa na mtihani wa fasihi ya Kiingereza, uleule uliomwangusha mwaka jana. Kwa kuwa mikono haikuwa na nafasi, aliwapa wateja karatasi zake wamsomee.

Mteja wa mwisho alikuwa Bi Mwajuma. Alikuwa amemaliza eda ya mumewe juzi, na leo alikuja kusukwa kwa mara ya kwanza tangu msiba. Aliishika karatasi mbali na macho, akakisoma Kiingereza kama kilivyoandikwa.

"Ironi."

"Kinaya," Chausiku akajibu huku akichana. "Mambo kwenda kinyume na ulivyotarajia."

"Elegi."

Chausiku akakwama. Neno hilo alilikariri wiki nzima. "Limenitoka, mama. Nisomee maana yake, nimeiandika hapo chini."

"Shairi la kumlilia marehemu. Halafu umeandika: toa mfano."

"Mfano ndio sina," Chausiku akasema kwa uchovu. "Hata mwaka jana niliacha wazi."

Bi Mwajuma akailaza karatasi mapajani.

"Alikuwa akikohoa kabla ya kufungua mlango," akasema taratibu, "ili nisishtuke. Mpaka leo upepo ukiusukuma mlango, mimi nasubiri kikohozi."

Vidole vya Chausiku vikasimama, mafungu ya nywele yakiwa bado mkononi. Pazia la mlangoni likapepea. Wote wawili wakaligeukia, wakasikiliza.