Karanga za Gladness

Mwanamke aliweka kibakuli cha karanga za kuchemsha juu ya kaunta. "Mpelekee Gladness. Mwambie ale zote, asibakize."

Konstebo Fredy alikuwa na siku tatu tu katika kituo hicho kidogo cha polisi kando ya reli. Alichungulia mahabusu. Hapakuwa na mtu.

"Shikamoo, mama. Humu hatuna Gladness."

"Marahaba. Humwoni kwa sababu ni mdogo, ana miaka tisa." Akainamisha uso. "Na aliyemshtaki, mmempata? Nitajieni jina tu. Nataka nimuulize usiku ule alipataje usingizi."

Koplo Elieza alitoka ofisini haraka, akapokea kibakuli kwa mikono miwili. "Bado tunamtafuta, mama Gladness."

Mwanamke aliondoka bila kulitazama kabati la vitabu vya zamani vya mashtaka. Elieza akakaa, akaanza kuzila zile karanga moja moja, kama mtu anayetumikia kifungo.

"Kila Ijumaa, mwaka wa kumi na moja huu," alisema. "Mtoto alikula karanga za mbegu, tukamlaza ndani. Alfajiri nikamfungulia, nikamwambia aende kwao. Watu walimwona akifuata reli kuelekea Gulwe, kandambili mkononi. Basi. Hakuonekana tena."

Fredy alimgeukia kwa hasira. "Miaka tisa, afande? Kwa karanga? Na huyo mlalamikaji yuko wapi?"

"Yupo hapa hapa kijijini."

"Sasa kwa nini mnamficha mama wa watu jina lake?"

Elieza alimenya karanga nyingine. "Komeo nililifunga mimi, kijana. Hilo nalibeba mpaka kaburini. Lakini jina, hapana."

Mficha maradhi kifo humuumbua, Fredy alijisemea. Akaapa kwamba Ijumaa ijayo atamtajia yule mama jina hilo yeye mwenyewe, liwalo na liwe.

Elieza alipotoka kwenda kunywa chai, Fredy alifungua kabati, akapuliza vumbi, akaupata ukurasa wa kesi ya Gladness. Mwandiko ulikuwa wa Elieza.

"Mlalamikaji anaomba mtoto atishwe tu, alale humu usiku mmoja, asirudie kula mbegu. Asubuhi atakuja kumchukua mwenyewe."

Chini yake palikuwa na alama ya dole gumba, na mbele ya dole gumba maneno mawili: mama mzazi.