Mmea wa Queen Umekula

Kwenye geti la hospitali Odeta alivua kitenge cheusi, akakisokomeza kwenye mkoba, akabaki na gauni la maua. Mlinzi alishamzoea. Mkono mwingine ulishika kopo lenye mmea.

Ni mmea mdogo wa kinamasini, majani mekundu yenye vitone vya gundi. Mdudu akitua habanduki. Jani linamkunja na kumla. Queen, binti yake, aliuchimba Buhongwa na baba yake, akaulea barazani kwao Ilemela kwa maji ya mvua na wadudu wa ziwani.

Wiki tano zilizopita lori liligonga pikipiki ya Mihayo, mumewe, Queen akiwa nyuma. Mihayo aliokotwa amezimia. Queen alizikwa baba yake yuko wodini. Daktari alikataza asiambiwe mpaka apasuliwe, presha ingemmaliza. Ukoo mzima ukafunga midomo.

Kila siku Mihayo aliuliza jambo moja.

"Mama Queen, mmea umekula?"

"Umekula. Mwanao kaupa wadudu watatu, kachelewa shule."

"Mvivu huyo."

"Kamrithi nani?"

Mihayo alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Hakuwahi kuomba Queen aletwe, na kwa hilo Odeta alimshukuru Mungu.

Mmea wenyewe aliuua wiki ya kwanza. Aliuona umenyong'onyea, akautia samadi kama anavyotia mchicha wake, ukaoza. Sasa upasuaji ni kesho, na Mihayo kaomba auone. Alfajiri Odeta aliingia kinamasini hadi magotini, akachimba mwingine.

Mihayo aliligeuza kopo taratibu.

"Huu si ule."

"Umekua."

"Umekua ukawa mdogo? Uliutia samadi, wewe."

Odeta alikuwa anatafuta uongo mwingine wa kueleza kwa nini Queen hakuutunza mwenyewe: Queen ana mtihani, Queen ana mafua. Kama mtu huyu asingeamka kesho, angekuwa amemdanganya mpaka mwisho.

"Keti, Mama Queen."

Aliketi ukingoni mwa kitanda. Mihayo aliweka kopo dirishani, akamshika mkono.

"Nisipotoka salama kesho, usije ukajilaumu kwamba nimeondoka bila kujua," alisema. "Macho ya Queen niliyafumba mimi, palepale barabarani, kabla sijazimia."