Kiti cha Mbele

Ndege za majaribio za aina hiyo, za kufundishia marubani, zilitengenezwa mbili tu, pacha kwa kila kitu. Moja ilimuua mume wa mwanamke mmoja, akiwa bado mwanafunzi. Ya pili wameiweka makumbusho, imepakwa rangi utadhani inaolewa.

Siku ya kuizindua, mjane aliketishwa kiti cha mbele, cha mwanafunzi, apigwe picha. Nyuma yake alipanda mwalimu wa marehemu, yule aliyenusurika akala kiapo kwamba mwanafunzi wake ndiye aliyezima swichi ya mafuta angani. Aibu hiyo mjane amelala nayo na kuamka nayo mpaka nywele zimekuwa nyeupe.

"Tabasamu basi, shemeji," mwalimu alisema.

Mjane alikuwa akiitafuta hiyo swichi. Alipapasa kushoto, kulia, mpaka uvunguni mwa kiti. Hakuna. Akageuka. Ilikuwa nyuma, nyekundu, kando ya goti la mwalimu. Moja tu.

"Shemeji, hebu nionyeshe. Mume wangu aliifikiaje?"

Mwalimu aliifunika swichi kwa kiganja, kama mtu anayeficha doa la mchuzi kwenye shati.

"Toa mkono," mjane alisema. "Mpiga picha aione."