Pampu Inayotii Sauti Moja

Jumanne, tarehe 8 Machi 2061. Asubuhi hiyo Tukuyu ilikuwa na ukungu na manyunyu, na pampu ya dawa ya Mzee Ambakisye ilikuwa imezimwa tangu alfajiri.

Akili bandia iliyoiendesha pampu ililindwa na mlinzi wa mbali, programu iliyokaa kwenye wingu la mtandao, na kwa sheria ilipaswa kumtii mtu mmoja tu, mke wa mzee, Tusekile. Lakini katika jumuiya yao wagonjwa huuguzwa kwa zamu. Basi Tusekile alikuwa amewafundisha kina mama wawili neno lake la siri, wamwangalie mzee wakati yeye yuko kwenye masomo ya jioni. Mlinzi wa wingu alisikia sauti tatu, akadhani ni wizi, akaifunga pampu.

"Hawa si wezi! Ni dada zangu wa maombi," Tusekile alilia mbele ya kioo cha mawasiliano ukutani.

"Mwambie aje anuse kanga yangu," alifoka Mama Lusajo, mmoja wa wale wawili. "Mzee kaitapikia jana. Mwizi gani huyo?"

Mlinzi hakukasirika. "Nitafungua ukiahidi kwa sauti, mbele ya mashahidi wawili. Maneno ya ahadi yapo hapo kwenye kioo."

Tusekile aliyasoma kimoyomoyo, akamwomba Mungu amwonyeshe njia nyingine. Kitandani, midomo ya mumewe ilikuwa inageuka buluu. Akawashika mikono wale kina mama.

"Naahidi mbele ya mashahidi hawa kwamba hakuna mwingine atakayemhudumia mume wangu, hata siku nitakapougua mimi."