Ndoo ya Tatu

Nuria alikuwa amekwishatoka, begi begani, anakwenda mahakamani, wanawake wa bombani walipomsimamisha.

"Mwanangu, hasa umeiba nini?" akauliza Bi Sikujua.

"Sijaiba, mama. Nimetengeneza programu ya simu, mgonjwa anashika nafasi kwenye foleni ya hospitali akiwa kwake. Kampuni moja inasema wazo ni lake, ina hati ya serikali ya kulimiliki. Wanataka niifute."

Hawakuelewa. Nuria akaonyesha safu ya ndoo, wenyewe wamekaa kivulini. "Ndoo yako inakushikia nafasi, sivyo? Sasa aje mtu aseme kushikiwa nafasi ni mali yake."

"Mwongo! Mama yangu aliweka ndoo hapa kabla huyo hajazaliwa!" akafoka Bi Sikujua.

Akainuka, akaichukua ndoo yake, ya tatu kutoka bombani.

"Na nafasi yako?" wakamuuliza.

"Itapatikana. Huyo jamaa nataka nimwone uso."

Mahakamani Bi Sikujua alisimamisha ndoo yake, akaeleza inavyoshika nafasi tangu enzi za mama yake; wakili wa kampuni alicheka. Hakimu hakucheka, aliomba ndoo isogezwe karibu. Kampuni ilishindwa, ikakata rufaa. Nuria hajaifuta programu mpaka leo. Bi Sikujua alirudi bombani jioni ya siku ile ya kesi, akakuta maji yamekatika.