Chumba cha Mtu Mmoja

"Dirisha la jikoni linafunguka vizuri kabisa, mama," dalali alimwandikia mteja, kisha akatuma picha ya dirisha lenyewe.

Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa bafuni, mlango kaukomea kwa ndani. Hiyo ndiyo ofisi yake tangu maradhi yaingie mjini na kila mtu kuambiwa akae kwao.

Mlango ukagongwa. "Mama! Kaning'ata!"

"Kamwambie baba yako!"

"Baba kasema nikwambie wewe!"

Kwao kulikuwa na chumba kimoja na sebule, na ndani yake watu watano. Mumewe, mpishi wa hoteli iliyofungwa, siku hizi alikuwa mlinzi wa kopo la sukari. Pacha wao wa miaka sita walikuwa wamefungiwa ndani mpaka wakaanza kuota pembe. Na wa tano alikuwa baba mkwe. Huyu alikuja kutibiwa macho, wiki moja tu, barabara za mikoani zikafungwa nyuma yake. Sasa ulikuwa mwezi wa nne.

Tusimsingizie, mzee wa watu hakuwa na neno. Alilala sebuleni, mchana akahamia roshani na redio yake, sauti kaipunguza mpaka unajiuliza anasikia nini. Lakini jamani, mkwe ni mkwe. Huwezi kujilaza ovyo kwenye kochi. Huwezi kugombana na mumeo kwa raha zako. Kila asubuhi ni "Shikamoo, baba," naye "Marahaba, mwanangu, kazi inaendaje?" Dalali hujibu, "Tunasukuma, baba," na kukimbilia ndoo yake.

Kazi haikusukumika. Nani ahame wakati huu? Bosi alishasema kwenye simu, bila kuzunguka: mwezi ukiisha, dalali asiye na mpangaji hata mmoja atapumzishwa. Mume hana kazi, na yeye akipumzishwa, watakula nini? Siku hiyo ilikuwa tarehe ishirini na sita. Wiki iliyopita presha hiyo ilimtoa maneno jikoni.

"Mimi nimebanwa kila upande," alimwambia mumewe kwa kunong'ona. "Hata pa kulilia sina. Nitapasuka, nakwambia!"

"Taratibu, mke wangu. Kuta hizi karatasi."

Ndipo akajitokeza huyu mteja aliyejiita Msafiri. Aliandika kwenye ukurasa wa ofisi mtandaoni, akaomba ahudumiwe na dalali huyu huyu wa video za vyumba, maana "anaeleza vizuri." Picha yake ilikuwa ua la waridi, na swali lake la kwanza lilihusu jiko. Dalali akamwita mama, na mama hakukataa. Alitaka chumba kidogo, cha mtu mmoja, karibu na hospitali, hata kesho.

"Una haraka gani, mama yangu, na ugonjwa huu?" dalali aliuliza sasa, vidole vikicheza kwenye simu.

Msafiri alikuwa mzito wa kuandika. Jibu lilichukua dakika nne. "Nakaa kwa watu wazuri. Ila nikiingia, wanaacha kuongea."

Dalali alijifikiria yeye, uzeeni, kwenye pembe ya nyumba ya watu.

"Watu wazuri gani hao?" aliandika kwa hasira. "Hawana hata haya! Wangekuwa mbele yangu ningewapa vipande vyao. Hama, mama. Kesho. Hata kuwaaga usiwaage."

Dakika nne nyingine. "Usiwalaumu. Wamechoka tu."

"Una moyo wewe. Mimi nisingewasamehe."

Kesho yake mambo yakaenda kama maji. Sheria mpya ya ofisi ilikuwa hakuna kuonana: mpangaji anachukua ufunguo kwa mlinzi wa getini, anaingia mwenyewe, anajaza fomu iliyoachwa mezani, kisha anaipiga picha na kuituma. Saa nne mlinzi alipiga simu kusema mpangaji amefika, kavaa barakoa mpaka machoni, na kapanda ngazi mwenyewe polepole. Saa nne na nusu malipo ya mwezi wa kwanza yakaingia ofisini. Bosi akapiga, safari hii akicheka, na kumwita mwanangu.

Dalali alitoka bafuni akicheza. Mumewe alikuwa chumbani akiwasomesha pacha kwa vitisho. Sebule ilikuwa tupu, mashuka yamekunjwa, roshani kimya.

"Baba yuko wapi?"

"Kaenda kunyoosha miguu," mumewe alijibu kutoka chumbani.

Alhamdulillahi. Akajitupa kwenye kochi, akanyoosha miguu mpaka mwisho, akavuta pumzi ambayo hakuwa ameivuta kwa miezi minne. Nafasi tamu jamani! Laiti mzee angenyoosha miguu kila siku.

Simu ikalia. Picha ya fomu. Akaikuza aisome kabla ya kuipeleka kwa bosi. Mwandiko ulikuwa mkubwa, umelala upande, kila herufi imekokotwa.

Idadi ya wakaaji: mmoja. Muda wa kukaa: mpaka barabara zifunguliwe. Mtu wa kuarifiwa jambo likitokea: hapo palikuwa na namba ya simu. Dalali aliisoma, akaisoma tena. Ilikuwa namba ya simu aliyoishika mkononi.

Uhusiano: mke wa mwanangu. Asisumbuliwe saa za kazi.